Kazi Zinazofanyika Tukiwa Tumelala

Mhadhara kwa vijana wa kompyuta, walimu na watendaji wa Kibiti na delta ya Rufiji



Nimekuja kuzungumza juu ya kuandika maelezo ya zana moja ndogo ya kompyuta. Kazi ya zana hiyo ni kuorodhesha tu. Ukiiuliza, inakutajia kazi zote ambazo wakala wa akili mnemba amepangiwa, na saa ya kila kazi. Haiongezi kazi, haifuti, haibadilishi. Vijana wengi wanaotengeneza programu huiacha zana ya namna hii iwe ya mwisho kuandikiwa maelezo, kwa kuwa wanaona haina cha kuelezwa. Mimi nasema iwe ya kwanza, na asubuhi hii nitawapa sababu zangu.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Wakala wa akili mnemba ni programu inayopewa agizo kwa lugha ya kawaida, ikatafuta yenyewe njia ya kulitimiza: ikasoma jedwali, ikaandika ujumbe, ikautuma, ikaweka kumbukumbu. Kazi ya ratiba ni agizo ambalo wakala amepewa mara moja ili alitekeleze kila saa yake inapofika, aliyeagiza awepo asiwepo. Zamani kupanga kazi kama hiyo kulihitaji fundi. Tangu Januari 2025 hata ChatGPT ilianza kuwapa watumiaji wake wanaolipia uwezo wa kuagiza hivyo kwa kuandika sentensi moja.

Uzito wa jambo uko hapo. Mtu huagiza leo, kesho akasahau, keshokutwa akahamishwa kituo cha kazi. Mashine haisahau wala haihamishwi. Itaendelea kutimiza neno la mtu ambaye hayupo, kwa watu ambao hawakuwahi kumwona.

Agizo lililobaki bila mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi na ofisi moja iliyokuwa ikiwatumia wakulima ujumbe wa simu. Wakati huo hatukuwa na akili mnemba. Tulikuwa na seva na programu ya kawaida. Kila Jumatatu asubuhi ujumbe ulikwenda kwa wakulima wa mpunga wa delta kuwakumbusha siku ya kuja kuchukua mbegu. Mradi ukaisha. Waliokuwa wakiusimamia wakatawanyika, mmoja akaenda masomoni, mwingine akapata ajira mkoa mwingine. Seva ikaachwa imewashwa kwa sababu ilikuwa na shughuli nyingine, na ujumbe ukaendelea kwenda.

Siku moja akaingia mama mtu mzima, nguo zimelowa hadi magotini. Alikuwa amepanda mtumbwi, kisha pikipiki, mpaka ofisini kwetu. Akatoa simu yake kwenye fundo la khanga, akatuonyesha ujumbe. Tukamweleza kwamba mbegu zilikwisha na mradi umefungwa. Akauliza, "Wanangu, kama si ninyi mliotuma, nani ametumia jina lenu?"

Hatukuwa na jibu. Ilinichukua siku nzima kuipata kazi ile ndani ya seva, kwa sababu kwenye orodha ilikuwa imeandikwa "kazi_7", alama tano za saa mbele yake, basi. Hapakuandikwa ni ya nini, ameiagiza nani, wala itakoma lini. Nauli ya mama yule tuliichanga palepale. Imani yake kwa ujumbe wa simu hatukuweza kuichangia.

Msidhani mambo kama haya yanawapata wadogo peke yao. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilikuwa imekusudia kuweka programu mpya kwenye seva zake 8. Seva 7 zikapata programu hiyo, moja ikasahaulika. Ndani ya seva iliyosahaulika kulikuwa na kipande cha programu ya zamani ambacho hakikuwa kikitumika kwa miaka mingi. Soko lilipofunguliwa, kipande kile kikaamka na kuanza kununua na kuuza chenyewe. Kwa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza takriban dola milioni 440. Wahandisi wake walikuwepo, tena wenye ujuzi mkubwa. Walichokosa ni kujua, kwa kutazama mahali pamoja, ni kazi gani iliyokuwa ikiendeshwa, wapi, na kwa agizo lipi.

Alama tano

Kupangia mashine saa ni kazi ya siku nyingi. Toleo la 7 la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1979, lilikuwa na programu iitwayo cron. Mwaka 1987 Paul Vixie alitoa cron yake, ambayo uzao wake umo kwenye seva nyingi hadi leo: huamka kila dakika, hutazama orodha yake, huendesha kazi iliyofika saa yake, kisha husubiri tena. Kila kazi kwenye orodha hiyo ina nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki. Baada ya hapo hufuata amri yenyewe. Nyota kwenye nafasi ina maana ya "yoyote". Kwa hiyo `0 6 * * *` ni kila siku, saa 6 kamili ya saa ya mashine.

Ukitaka kuona orodha unaandika `crontab -l`. Ukitaka kuihariri unaandika `crontab -e`. Ukiandika `crontab -r` umeifuta orodha yote, na kwa kawaida mashine haikuulizi kama una hakika. Sasa tazameni kibodi zenu: E na R zimekaa bega kwa bega. Maelezo yanayosema "-r huondoa orodha" ni ya kweli, lakini hayajamlinda mtu. Maelezo yanayomjali msomaji yangesema: "Amri hii hufuta kazi zote bila kuuliza. Herufi yake iko jirani na ile ya kuhariri. Nakili orodha yako kabla ya kuigusa."

Chukueni mfano wa pili. Mtu ameandika `0 6 13 * 5`. Kwa macho inasomeka kama saa 6, Ijumaa inayoangukia tarehe 13. Cron haielewi hivyo. Ukijaza tarehe na siku ya wiki kwa pamoja, kazi itaendeshwa kila tarehe 13, na pia kila Ijumaa. Aliyetarajia kazi ya nadra anapata kazi ya kila wiki. Jambo hili limeandikwa kwenye mwongozo wa cron, na asiyeusoma hawezi kulijua kwa kuitazama orodha. Hiyo ndiyo kazi ya maelezo ya matumizi: kusema kile ambacho jicho haliwezi kukiona kwenye mstari wenyewe.

Zana za baadaye zilisogea hatua. Kwenye mifumo mingi ya Linux leo, amri ya `systemctl list-timers` hukuonyesha kazi itaendeshwa lini tena, muda uliobaki, na mara ya mwisho iliendeshwa lini. Hayo ni maendeleo makubwa, kwa sababu msomaji hahitaji tena kupiga hesabu ya nyota na namba kichwani.

Wakala wa akili mnemba ametuletea ugumu mpya. Kazi ya cron ni amri ileile kila siku, neno kwa neno. Wakala hupewa maneno, na maneno yana nafasi ya kufasiriwa. Ukimwambia "wajulishe manahodha kuhusu hali ya bahari", leo anaweza kuandika mistari miwili, kesho akaongeza ushauri ambao hukumtuma. Kwa hiyo orodha ya kazi za wakala isiyoonyesha maneno ya agizo ni sawa na barua iliyobaki bahasha tu.

Saa tatu ipi?

Mwaka juzi mimi na vijana watatu tulitengeneza wakala wa majaribio. Kila asubuhi alisoma jedwali la maji kujaa na kupwa pamoja na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kisha akawaandikia ujumbe mfupi wenye boti wachache wa Nyamisati. Tukatengeneza na zana ya kuorodhesha kazi zake. Maelezo yake tuliyaandika kwa sentensi moja: "Amri hii huonyesha kazi zote zilizopangwa." Tukaridhika.

Nikampelekea mjomba wangu, nahodha wa zamani, aliyekuwa amekaa kivulini karibu na gati akisubiri maji yajae. Nikamfungulia kompyuta. Mstari wa kwanza ulisomeka hivi:

`ujumbe-maji | 03:00 | hai | imefaulu`

"Shikamoo, mjomba. Hebu usome huu uniambie umeelewa nini."

"Marahaba, mpwa wangu. Hii ni saa tatu asubuhi."

"Hapana, mjomba."

"Basi ni saa tisa usiku. Simu yangu ikiandika sifuri tatu, huwa ni saa tisa usiku."

"Hapana pia."

Seva yetu ilikuwa ya kukodi, ng'ambo, na saa yake ilifuata majira ya UTC, ambayo yako nyuma ya majira ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Saa 03:00 ya seva ni 06:00 ya hapa kwetu, yaani saa 12 asubuhi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Namba moja, saa tatu tofauti. Nahodha ashike ipi?"

Sisi Waswahili tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na hesabu yetu ina mantiki: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Mashine huhesabu tangu usiku wa manane, tena mara nyingi usiku wa manane wa mahali pengine. Tunaishi na hesabu mbili kila siku bila taabu kwa sababu tunazungumza uso kwa uso, na mtu akikosea tunamsahihisha palepale. Orodha haina uso. Kwa hiyo mwandishi wa maelezo anapaswa kuandika saa kwa namna ambayo haina njia ya pili: saa 12 asubuhi, 06:00 majira ya Afrika Mashariki, 03:00 kwenye seva. Maneno hayo machache yanaweza kumwokoa mtu asiondoke gatini saa siyo.

Mjomba hakuishia hapo. Akagusa neno la mwisho kwenye kioo. "Hili 'imefaulu', kimefaulu nini? Ujumbe umewafikia watu, au umeondoka tu?"

Nikachunguza. Neno lile lilimaanisha kwamba wakala alimaliza kazi yake bila hitilafu. Hatukuwa na uthibitisho wowote kwamba simu zilipokea. Upande wa delta kuna mahali ambapo mtandao hushika ukipanda juu ya dungu la kulindia mpunga, na ukishuka unapotea. Nikamweleza. Akatazama mlango wa bahari, akanijibu polepole: "Kuondoka si kufika, mpwa wangu. Hapa boti zinaondoka kila siku."

Nimesoma vitabu kadhaa vya uandishi wa kitaalamu. Sijapata somo zito kuliko hilo. Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, na Mei mwaka huohuo Kimbunga Hidaya kikafika Mafia, ng'ambo ya maji yetu. Siku kama hizo, tofauti kati ya onyo lililotumwa na onyo lililofika ni tofauti ya maisha. Neno "imefaulu" lisilofafanuliwa linaweza kumfanya msimamizi alale akidhani watu wameonywa.

Maji hayafuati saa ya ukutani

Kuna jambo la tatu, na hili wenyeji wa delta wanalijua kuliko mhandisi yeyote. Maji hujaa mara mbili kwa siku, lakini kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Yakijaa leo saa 12 asubuhi, kesho yatajaa karibu saa 12 na dakika 50. Baada ya wiki moja, saa ileile ya saa 12 asubuhi utakuta yamekupwa, na pale ulipopitisha jahazi utapita kwa miguu, matope yakikufika magotini. Juu ya hapo kuna maji ya bamvua, yanayofuata mwezi mchanga na mwezi mpevu, na maji mafu, yanayokuja mwezi ukiwa nusu.

Cron haijui mwezi wa angani. Inajua mwezi wa kalenda tu. Ukimpangia wakala kazi ya kila siku saa 12 asubuhi kuwaambia watu "maji yatajaa baada ya saa moja", siku ya kwanza utakuwa mkweli, na baada ya siku saba utakuwa mwongo, ilhali orodha yako haikubadilika hata herufi. Kwa hiyo maelezo yaseme wazi: saa ya kutuma haibadiliki, saa ya maji hubadilika, na wakala husoma jedwali upya kila siku kabla ya kuandika.

Wazee wetu walilitatua jambo hili kabla ya kompyuta. Mwaka wa Waswahili wa pwani, unaoanza siku ya Nairuzi, ulihesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku, na kwa hesabu hiyo mabaharia walijua pepo na wakulima walijua kupanda. Huku bondeni, mkulima wa mlau hupanda mafuriko yanapoondoka na kuacha unyevu ardhini. Agizo lake hufuata maji, na tarehe huja nyuma. Kuna kazi zinazofuata saa na kuna kazi zinazofuata tukio. Orodha inayozichanganya bila kusema ni ipi imemficha msomaji nusu ya habari.

Karatasi mbili za delta

Delta hii imewahi kufundisha ulimwengu nguvu ya kitu kilichoandikwa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikatoweka. Ilikuwa imejificha humu ndani, kwenye mikoko ya Rufiji. Wajerumani walikuwa wamepima mikondo ya delta na kuichora. Ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli kubwa namna ile ingeweza kuingia. Maji yalikuwa yaleyale kwa wote. Aliyekuwa na maandishi akapata njia, asiye nayo akaona ukuta wa mikoko.

Na kilichoifichua meli ile kilikuwa maandishi pia. Oktoba 1914 Waingereza waliikagua meli ya Präsident huko Lindi, wakakuta nyaraka zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa kwa Königsberg huku Rufiji. Orodha ya kazi ya watu wa makaa ilisema kile ambacho mikoko ilikificha. Kabla mwezi haujaisha meli ikaonekana. Waingereza wakamtuma mwindaji P. J. Pretorius apenye delta, apime kina cha mikondo na kuchunguza maji, na tarehe 11 Julai 1915 meli ikaangamizwa. Wenyeji wa Salale na vijiji vya jirani waliijua mikondo hiyo siku zote, ila elimu yao haikuwa imeandikwa mahali ambapo wao wenyewe wangeweza kuitumia kujitetea. Vita vya wageni vikapiganwa juu ya mashamba yao.

Mfano wa pili ni wa kheri, na baadhi yenu mliokaa humu mliushiriki. Kuanzia Novemba 1998, wadadisi wenye makao yao Ikwiriri walianza kupita kaya kwa kaya wilayani Rufiji, kila baada ya miezi 4, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Zaidi ya watu 80,000 waliingia kwenye daftari hilo. Taasisi ya Afya Ifakara iliendelea kulitunza. Sambamba na kazi hiyo, mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada uliziwezesha halmashauri za Rufiji na Morogoro kulinganisha orodha mbili: maradhi yanayowaua watu, na fedha zinakokwenda. Ilionekana kwamba malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, na mwaka 1996 ilikuwa imepewa asilimia 5 tu ya bajeti. Orodha hizo hazikuponya mtu yeyote zenyewe. Ziliwekwa kwa namna ambayo watu wa wilaya, wasio watakwimu, waliweza kuzisoma, kuuliza, na kuamua. Bajeti zikabadilika.

Mstari mmoja uandikweje

Baada ya siku ile gatini tulirudi kazini. Tuliandika upya zana na maelezo yake kwa pamoja, kwa sababu tuligundua kwamba palipokuwa pagumu kueleza, zana yenyewe ilikuwa na kasoro. Sasa kila kazi huonekana hivi. Idadi ya simu ni ya mfano:

Kazi: Ujumbe wa maji kujaa na kupwa, Nyamisati.
Agizo: "Soma jedwali la maji na utabiri wa leo. Andika ujumbe usiozidi herufi 160. Utabiri ukikosekana, usikisie, mwarifu msimamizi."
Aliyeagiza: msimamizi wa zamu wa kikundi.
Saa: kila siku saa 12 asubuhi (06:00 majira ya Afrika Mashariki, 03:00 kwenye seva).
Mara ya mwisho: leo. Umetumwa kwa simu 42. Zilizothibitisha kupokea ni 37.
Ruhusa: kusoma jedwali na utabiri, kutuma kwa orodha hii moja. Hana ruhusa ya kuongeza namba.
Mwisho wa agizo: 30 Juni. Lisipohuishwa, linakoma lenyewe.
Kusimamisha: andika "simamisha ujumbe-maji". Ujumbe ulioanza kutumwa hautarudi.

Tazameni nafasi ya agizo: imewekwa neno kwa neno, bila muhtasari, kwa sababu muhtasari ni tafsiri, na wakala anafuata maneno, hafuati muhtasari. Nafasi ya mwisho wa agizo ni kumbukumbu ya mama yule wa mbegu. Kila agizo lizaliwe na siku yake ya kufa. Anayelihitaji alihuishe kwa mkono wake. Na nafasi ya kusimamisha inasema pia kisichoweza kusimamishwa. Maelezo ya kweli hayamfichi mtu mpaka wa uwezo wake.

Baada ya hapo maelezo yajibu maswali ambayo orodha haiwezi kuyajibu. Je, kazi zilizositishwa zinaonyeshwa au zinafichwa? Je, orodha inaonyesha kazi za mtu mmoja au za ofisi nzima? Je, seva ikizimika umeme ukikatika, kazi iliyopitwa na saa yake hufanywa ikiwashwa, au hurukwa? Je, orodha ikiwa tupu maana yake hakuna kazi, au zana imeshindwa kufika kwenye seva? Hilo la mwisho limewaponza wengi. Ukimya wa mashine una maana mbili, na mwandishi lazima azitenganishe.

Kuna suala la faragha. Orodha kama hii inagusa namba za simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tuzitunze, na inampa mtu haki zake pale mashine inapomfanyia uamuzi peke yake. Mwananchi hawezi kudai haki hiyo kama hajui kwamba kuna mashine iliyopangiwa kumshughulikia. Kwa hiyo idadi ya simu ionekane, namba zenyewe zifichwe, na kusudi la kazi liandikwe kwa maneno ambayo mwenye simu akiyasoma atajitambua.

Kwa lugha ipi, na kwa ajili ya nani

Vijana huniambia, "Mwalimu, maelezo ya programu huandikwa kwa Kiingereza, watu wa kompyuta wote wanakijua." Nakubali kwamba anayeitengeneza zana anakijua. Lakini orodha ya kazi haisomwi na mtengenezaji peke yake. Huyo alikuwepo siku ya kuagiza, anakumbuka. Orodha inasomwa na aliyerithi: karani mpya wa kata, muuguzi wa zamu ya usiku, katibu wa kikundi cha wavuvi, mtendaji aliyehamia jana kutoka Mkuranga. Wao ndio watakaoulizwa na mama mwenye simu kwenye fundo la khanga. Wasipoelewa mstari ule, wataiogopa zana, na kitu kinachoogopwa hakikaguliwi.

Maneno tunayo. Tuna agizo, zamu, msimamizi, ruhusa, kuhuisha, kusitisha na kusimamisha. Kusitisha na kusimamisha si mamoja, na mwandishi makini atasema lipi analitumia kwa maana ipi, kisha asiyachanganye hadi mwisho. Tuna amana, neno ambalo Mswahili yeyote anajua uzito wake. Aliyempangia wakala kazi ameweka amana mikononi mwa kitu kisichojua aibu. Kinachobaki kumlinda mwananchi ni maandishi: kwamba imeandikwa nani aliagiza, aliagiza nini, kwa mipaka ipi, hadi lini.

Nawaomba mambo matatu, nayo yako ndani ya uwezo wenu wa wiki hii. Ninyi mnaotengeneza programu, andikeni maelezo ya orodha kabla ya kuandika maelezo ya kuagiza, na kabla ya kuyatoa mpelekeeni mtu mmoja ambaye hakuwepo mlipokuwa mkitengeneza. Kaeni naye, mkae kimya, msikilize anavyosoma. Ninyi watendaji na wakuu wa ofisi, siku mtu anapokabidhi ofisi, mbali na funguo na mihuri, akabidhi na orodha ya kazi ambazo mashine zinafanya kwa jina la ofisi hiyo, na anayepokea aisome kwa sauti mbele yake. Nanyi wananchi, mkipata ujumbe kutoka kwa mashine, mna haki ya kuuliza nani ameuagiza. Ulizeni, na msikubali jibu la "ni mfumo tu".

Mfumo hauagizi. Mtu ndiye anayeagiza, na jina lake liandikwe mahali tutakapoliona.